Chungu cha Bibi na Nguruwe wa Mama Glori

Mpaka leo, nikipita mahali penye banda la nguruwe, mate hunijaa mdomoni, na si mate ya hamu. Ni harufu ile ile ya pumba iliyochacha, maganda ya ndizi na tope lililokanyagwa tangu asubuhi, harufu iliyokuwa ikivuka ua wa michongoma na kuingia dirishani kwetu Bigwa, pembeni mwa mji wa Morogoro, kila mvua ilipokatika. Wenzangu wakiulizwa utoto wao ulinukia nini, watakutajia maua ya mikahawa, sabuni ya mama, au vumbi lililopata tone la kwanza la mvua. Wa kwangu unanukia nguruwe. Na simlaumu nguruwe, maskini ya Mungu, yeye aliwekewa chakula akala. Ninayemlaumu ana jina, nami nitalitaja, maana nimelibeba tumboni zaidi ya miaka ishirini. Mtu akiniambia yaliyopita si ndwele, humjibu kwamba methali hiyo ilitungwa na mkosaji, wala si na aliyekosewa.

Nilikuwa na miaka kumi kiangazi kile. Bibi yangu, mama yake mama, aliishi juu mlimani, mwendo wa kama saa tatu kwa miguu kutoka nyumbani kwetu, na kila Jumamosi alishuka na tenga kichwani. Ndani yake mlikuwa na karoti zenye udongo bado, njegere, majani ya maboga, ndizi mzuzu, na msimu ukiruhusu, forosadi na stroberi zilizofungwa kwenye jani la mgomba zisipondeke. Nilikuwa nikimsubiri pale njia ya mlimani inapokutana na barabara. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya uso, kwa sababu bibi hakuwahi kushika tenga kwa mkono; lilikaa juu ya ngata kana kwamba lilizaliwa hapo. Nikimwambia shikamoo, aliitika, "Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu anakusalimu, anasema upunguze kula, mahari yenyewe ilikuwa ndogo." Mume wetu ndiye babu. Nami nilimjibu kwamba aachane na mume wangu, amezeeka, ampishe kijana. Tulikwenda hivyo tukichambana mpaka sokoni, na watu wasiotujua waligeuka kutazama mtoto asiye na adabu anavyomjibu mtu mzima.

Akishamaliza kuuza, tulianza mzunguko wetu. Kwanza vitu vya nyumbani: kipande cha sabuni ya mche, chumvi, kiberiti, betri mbili za redio ya babu, na siku nyingine sindano moja tu, iliyochaguliwa kwa muda mrefu kama ng'ombe wa mahari. Kisha ikaja zamu ya kionjo. Hii ilikuwa desturi yetu wawili, hata mama hakuijua vizuri. Kila Jumamosi tulinunua kitu kimoja cha kula ambacho mimi sijawahi kukila na bibi hajawahi kukila, tukakigawa nusu kwa nusu, na hakuna aliyeruhusiwa kusema neno mpaka amemeza. Hukumu ilikuwa ya bibi. Kwa aiskrimu alishika shavu kwa maumivu, akasema, "Chakula gani hiki kinang'ata mlaji?" Kabla ya soseji alimhoji muuzaji mpaka yule kijana akaleta pakiti asomewe kwamba ni ya ng'ombe, alipotafuna aliuliza huyo ng'ombe alikwishatafunwa na nani kabla yake. Jibini alilitema kwenye kiganja, akalitazama kwa huruma, akasema hayo ni maziwa yaliyokufa na bado hayajazikwa. Tufaha lilimpendeza, hata mbegu akazifunga kwenye pindo la kanga akazipande mlimani. Na siku ya chipsi mayai alijifuta midomo, akasema, "Aliyebuni hiki alilelewa na mama yake." Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa. Nilidhani Jumamosi hizo hazina mwisho, kwa sababu mji ulikuwa na vyakula vingi na bibi alikuwa na miguu mizuri.

Ng'ambo ya ua wa michongoma aliishi Mama Glori. Alikuwa mwenyeji wa Tabora, Mnyamwezi, mumewe akifundisha chuo, na nyumba yao ilikuwa na vigae, gari jeupe, na nyuma kabisa mradi wa nguruwe ambao aliupenda kuliko wageni wake. Binti yake, Glori, tulikuwa rika moja na tulicheza pamoja. Nisimsingizie: mwanzoni alikuwa jirani mzuri. Yeye ndiye aliyemtafutia mama kazi ya ukarani shuleni, na mvua ikinyesha alituchukua kwenye gari. Na kwa kuwa sisi ni Waluguru na yeye Mnyamwezi, tulikuwa watani, utani wa tangu enzi za mababu waliopishana njiani na mizigo. Alituita watu wa mlimani tusiojua kutembea sehemu tambarare, tulimwita mpagazi. Akitutania jambo likauma kidogo, alipiga makofi akasema, "Mtani hakasiriki!" Ndiyo sheria. Mtani husema atakacho, huchukua kitu chako mbele ya watu, hata msibani hukuzibia njia ya kaburi, na wewe huruhusiwi kununa. Unachoruhusiwa ni kumrudishia zamu yako ikifika. Shikeni neno hilo.

Mwishoni mwa kiangazi Mama Glori akapanga matembezi ya Jumapili kwenye mto ulio chini ya mlima, majirani wote, kila nyumba ije na chakula cha kwao. Alisema hivyo kwa kinywa chake: cha kwao. Akaongeza kwamba kuku wa kwake watachinjwa na Muislamu, tusiwe na wasiwasi. Nilipomwambia bibi, alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Jumamosi ile hakurudi mlimani, alilala kwetu. Na tengani, chini ya karoti, alikuwa amebeba chungu.

Lazima nikieleze chungu hicho. Kwetu ukoo hufuata mama. Shamba la mama huenda kwa binti, na vitu vya jikoni vivyo hivyo. Chungu kile alikifinyanga bibi mzaa bibi, cheusi kwa moshi, na shingoni kilizungukwa na alama ndogo ndogo za ukucha wake alizozibonyeza udongo ukiwa mbichi. Ukitia ukucha wako kwenye alama moja, unaingia. Bibi alikuwa ameniahidi kwamba baada yake kitakwenda kwa mama, na baada ya mama kitakuja kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na tayari nilikuwa na urithi. Asubuhi ya Jumapili aliamka alfajiri, akamenya magimbi aliyoyachimba mwenyewe, akakuna nazi mbili, akayapika taratibu kwa tui zito mpaka yakawa laini, na tui likashika pembeni likawa na rangi ya maziwa ya moto. Nyumba nzima ilinukia. Hata mama, ambaye siku hizo alikuwa amejifunza kupenda mkate, alichovya kidole akalamba. "Leo Wanyamwezi watakimbia kwao," bibi alisema, akicheka peke yake huku akifunika mdomo wa chungu kwa jani la mgomba.

Mtoni vyakula vilipangwa kwenye mkeka mrefu. Hotipoti za maua, sinia la pilau, keki yenye jina la Glori ingawa haikuwa siku yake ya kuzaliwa, na mwishoni kabisa, chungu cha bibi. Mama Glori alifunua jani, akarudi nyuma mkono kifuani. "Jamani! Watani zangu wametuletea mawe ya mtoni, tena wameyapaka chokaa!" Watu wakaangua kicheko. Bibi alicheka pia, tena kwa dhati. Utani ni utani. Kisha akajibu, kwa sauti yake ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, "Kula, Mnyamwezi. Babu yako alibeba pembe za watu kutoka Tabora mpaka pwani, wewe gimbi moja litakushinda?" Loo! Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa mara mbili ya kile cha kwanza. Mumewe Mama Glori alicheka mpaka akaketi. Walimu wenzake walimpiga bega wakimwita mpagazi. Mimi nilikuwa namtazama Mama Glori, maana watoto hutazama wanapotakiwa wasitazame, na nikaona kwamba meno yake yalicheka lakini macho yaligoma. Baada ya hapo hakuna aliyeligusa gimbi, isipokuwa mumewe na mimi. Wengine walimwangalia mama mwenye shughuli, wakaona upepo unaelekea wapi, wakapakua pilau.

Jioni chungu kilikuwa bado kimejaa zaidi ya nusu. Mama Glori alimwendea bibi kwa upole mwingi. "Mama, kizito hiki, na wewe umechoka. Kipakiwe kwenye gari langu, mtoto atakuja kukichukua nyumbani." Bibi alimshukuru, akamwombea dua. Kabla giza halijaingia nilitumwa. Nilipiga hodi mbele, hakuna aliyeitika, nikazunguka nyuma nikifuata sauti ya vicheko vyake na vya msichana wake wa kazi. Nikakikuta chungu chetu. Kilikuwa bandani, kimelazwa ubavu kwenye tope, na jike kubwa la nguruwe lilikuwa limeingiza kichwa ndani mpaka masikioni, likikisukuma huku na huku likila magimbi ya bibi yangu. Jani la mgomba lilikuwa pembeni, limekanyagwa. Nikasimama. Mama Glori akaniona, na ninachotaka msomaji ajue ni hiki: hakushtuka. Alipiga makofi. "Mpelekee bibi salamu, mwambie nimempata anayeyaweza mawe yake. Mtani hakasiriki!"

Alijua. Mwanamke aliyemtafuta Muislamu wa kumchinjia kuku asubuhi, jioni alijua anachofanya. Nikaruka ukuta mfupi wa banda na viatu vyangu vya Idi, nikalipiga lile jike kwa ngumi za mtoto wa miaka kumi, nikatoa chungu, nikakibeba kifuani kikiniloanisha gauni. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, watu husema. Siku ile mkuki ulimkosa nguruwe ukanichoma mimi.

Bibi hakupiga kelele. Hicho ndicho nilichoshindwa kukisamehe zaidi ya vyote. Laiti angetukana! Aliniuliza mara moja tu, "Nguruwe kala humu?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akavaa kanga yake kuukuu, akachota maji, akakaa kwenye kigoda uani. Dini yetu inasema chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo, kikatakata. Bibi aliosha mara saba. Nilimletea udongo mimi mwenyewe kwa viganja. Alipitisha kidole kwenye kila alama ya ukucha, moja baada ya nyingine, kuzunguka shingo yote, na alipomaliza kuosha mara ya saba akakiinamisha kando ya ukuta, akakitazama. "Kisheria kimetakata," alisema. "Lakini moyo wangu hauosheki kwa udongo." Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshapanda mlima. Tenga alikwenda nalo. Chungu alikiacha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye njia panda. Nikasubiri mpaka adhuhuri, nikihesabu matenga ya wanawake wengine. Jumamosi nyingine vivyo hivyo. Baadaye mjomba alileta habari kwamba bibi sasa anawauzia wachuuzi wanaopanda kule kule juu, na kwamba ameapa mguu wake hautakanyaga tena Bigwa wala mjini, mahali ambapo chakula cha mikono yake kimepewa nguruwe. Nilimlilia mama aende kwa Mama Glori akaseme. Mama alitazama chini. Alikuwa na ile kazi ya ukarani, na aliyeitafuta tunamjua. "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite," alisema. Mimi nikafunika. Lakini mwanaharamu mwenyewe hakupita. Kila siku nilimwona ng'ambo ya ua, akiita nguruwe wake kwa majina ya mapenzi. Nikakichukua chungu, nikakifunga kwenye gunia, nikakiweka chini ya kitanda changu. Nikaapa pia. Bibi aliapia miguu yake, mimi nikaapia zamu yangu. Utani ulisema nirudishe, haukusema nirudishe lini.

Tulipanda mlimani wakati wa likizo, bila shaka, na bibi alinipokea kwa matusi yale yale matamu ya mke mwenza. Lakini vionjo vilikwisha. Mlimani hakuna kitu kigeni cha kuonja, na nilipombebea biskuti alizigawa kwa watoto bila kuzitolea hukumu. Nikakua. Nikasoma, nikawa mwalimu wa sekondari, nikarudi Morogoro. Familia ya Mama Glori ilihamia upande wa pili wa mji, mumewe akafariki, na tukikutana sokoni alinikumbatia, "Mwanangu, umekuwa mkubwa!" Nami nilimwamkia kwa heshima zote, shikamoo mama, nikamwuliza magoti yake yanaendeleaje. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mtenda husahau, huyu alikuwa amesahau kabisa, hata nikamwonea wivu kwa jinsi alivyolala vizuri miaka yote hiyo.

Mwaka jana ikaja kadi. Glori anaolewa, tunaalikwa kwenye sherehe ya kumuaga. Sikuisoma mara mbili. Nilipiga magoti nikavuta lile gunia la chungu kutoka chini ya kitanda.

Ukumbi ulikuwa umepambwa vitambaa vya zambarau, wakwe wamekaa upande mmoja na suti zao, na meza ya chakula imefunikwa ikifuka mvuke. Mshereheshaji alipotangaza kwamba sasa maharusi wataongoza kwenda kupakua, nilijifunga kanga kiunoni juu ya gauni langu la sherehe, mama zangu wadogo wawili wakajifunga za kwao, tukaenda tukasimama mbele ya meza ile tukaizuia. Nikaweka chungu juu ya kitambaa cheupe. "Chakula hakiliwi!" nilisema. "Mimi Mluguru. Nimeshika njia." Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, kwa sababu wote walijua mchezo huo, na shughuli isiyovamiwa na watani ni shughuli baridi. Watu wakaanza kuja wakicheza, wakitumbukiza chunguni noti za kuikomboa meza. Nikakiinua, nikazimwaga noti zote sakafuni. Vigelegele vikapungua.

Nikaomba kipaza sauti. Sikuinua sauti, nimezoea darasa. Nilisema kwamba kilichofungwa hapa hakikombolewi kwa fedha. Nikasema kwamba chungu hiki ni cha bibi yangu, kwamba zamani mtani wetu Mama Glori alikikirimu kwa namna ambayo yeye na mimi tunaijua, na kwamba nataka afinyangiwe bibi chungu kingine, Mama Glori ajitwike kichwani, apande nacho mlimani kwa miguu yake, akakae mbele ya bibi ale magimbi mpaka mwisho. Asipokubali, tutalala hapa, na wakwe watalala na njaa. Watu walicheka. Mama Glori pia alianza kucheka. Kisha akakitazama chungu vizuri, zile alama za shingoni, na nikauona uso wake ukikumbuka. Wallahi, ningeweza kuishi kwa dakika ile moja bila kula wiki nzima.

Alinijia karibu, akaninong'oneza, "Mwanangu, tusiharibu shughuli ya mwenzio." Nikamjibu kwenye kipaza sauti, "Mtani hakasiriki, Mama Glori." Akageuka kutafuta msaada kwa kaka yake mkubwa, mzee wa Kinyamwezi aliyesafiri kutoka Tabora na anayeijua sheria kuliko wote. Mzee akajikuna kidevu, akasema, "Mtani kashika njia kihalali. Toa neno lako watu wale." Pilau ilikuwa inapoa. Wakwe walikuwa wanatazamana. Akachukua kipaza sauti akaahidi, mbele ya watu wote, siku na njia.

Glori peke yake hakucheka. Nilipokuwa nafungua kanga alinishika mkono, akaniuliza ni nini hasa mama yake alifanya, nikamwambia kwa maneno machache. Akauachia mkono wangu. "Ulishindwa kuniambia mimi, ukangoja siku yangu?" Nilimkosea Glori, nakiri. Lakini ukiniuliza kama ningerudia, nitakujibu kabla hujamaliza swali.

Jumamosi ya ahadi alikuja, na hilo nampa. Chungu kipya kilikuwa kichwani, amekishikilia kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa nyuma yake nikitembea polepole ili nione vizuri. Mlima wetu hauna huruma kwa mtu aliyezoea gari. Kila kona aliuliza, "Bado mbali?" Nami nilimjibu kama wanavyojibu watu wa mlimani tangu dunia iumbwe, "Hapo tu, mama." Alikaa kwenye mawe. Alikunywa maji yote. Wanawake waliokuwa wakishuka na matenga walimpisha, wakamwangalia mama wa mjini anayetoka jasho na chungu kitupu, wakamwambia pole. Nilitembea nikikumbuka kwamba bibi alipanda njia hii hii asubuhi ile bila kuniaga, na kila pumzi ya Mama Glori niliisikiliza kwa raha, Mungu anisamehe akipenda.

Tulimkuta bibi amekaa kizingitini. Macho yake yamefifia siku hizi. Mama Glori alipiga magoti kwa shida, akasema shikamoo, akaweka chungu mbele yake. Bibi alikipapasa. Akakigonga kwa kidole, akasikiliza mlio, akakigonga tena. "Marahaba," akasema. "Kimeiva." Hakuuliza mgeni ni nani. Aliagiza maji ya kunawa, kisha magimbi, sahani imejaa, yenye tui. Mama Glori alikula. Alikula la kwanza kwa haraka, la pili kwa heshima, na kwenye la nne akaanza kulizungusha sahanini, akapumua, akasema yametosha, ameshiba, Mungu ambariki bibi. Bibi alielekeza uso wake upande wa sauti ile.

"Malizia, mama. Mimi sifugi nguruwe."

Akamalizia. Alikula huku machozi yanamdondoka, sijui ya aibu au ya tui la moto, na sikumuuliza. Alipomaliza alisema neno la kuomba radhi, dogo, na bibi aliitikia, "Haya." Basi.

Nilipomsindikiza mgeni mpaka chini nikarudi, nilijitupa miguuni pa bibi kama mtoto. Nikamwambia kiapo kimekwisha, adui amelipa, Jumamosi ijayo tushuke mjini sisi wawili, siku hizi kuna vitu hujawahi kuviota. Alinipapasa kichwa. "Na haya magoti, mke mwenzangu, utayakomboa kwa nani?" Sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka yote ile nilikuwa nahesabu zamu yangu, na sikuhesabu miguu yake.

Mji wenyewe umebadilika. Njia panda nilipokuwa nikimsubiri pana lami na maduka ya simu, aiskrimu haimshangazi mtoto yeyote, na juzi niliona hoteli moja imeandika magimbi ya nazi kwenye orodha yake ya vyakula, juu ya kuku. Mama Glori mwenyewe, nasikia, daktari amemkataza ngano na sukari, amemwambia ale vya asili. Na sasa mimi ndiye ninayepanda. Kila Jumamosi nachukua pikipiki mpaka inapogomea, kisha natembea na kitu kimoja tu mfukoni, kitu ambacho bibi hajawahi kukila. Tunagawana nusu kwa nusu, hatusemi mpaka tumemeza. Jumamosi iliyopita nilimpelekea piza, imepoa na jibini limeganda. Alitafuna kwa muda mrefu, akameza, akajifuta midomo.

"Yale maziwa yaliyokufa," alisema, "kumbe walikuja kuyazikia kwenye mkate." Akanisukumia sahani. "Kilichobaki mpelekee yule mama, kwa ajili ya nguruwe wake."

"Bibi, hafugi tena. Aliacha zamani."

"Mpelekee hivyo hivyo."